Kamionete ya koperative inakunywa mazutu: tupime kwanza, kisha tutengeneze



Katika mikutano tunayofanya na koperative za pembeni ya Likasi, upande wa Kambove na upande wa Lwambo, kuna neno moja linarudia kila mara, hata mbele ya mbegu na mbolea. Neno lile ni mazutu. Kompta anafungua kaye, anasoma: mahindi yameuzwa kwa bei inayofaa, lakini kisha kutoa mazutu, peaji na matengenezo ya kamionete, kinachobaki cha kugawanya kwa memba ni kidogo. Ndipo mtu mmoja anasimama kule nyuma: "Motokari yetu iko inakunywa sana! Ao ni shofere njo anakunywa?" Watu wanacheka. Shofere hacheki.

Tumeona komite moja ikimfukuza shofere wake juu ya mambo hayo, na hakuna mtu aliyekuwa amepima hata mara moja. Shofere mpya akaingia, mazutu ikaendelea kuisha vilevile. Kisha miezi fulani fundi mmoja wa Kikula akainua gurudumu la nyuma kwa kriki, akajaribu kulizungusha kwa mkono, likakataa. Freni ilikuwa imeshika. Kamionete ile ilikuwa inatembea kila siku kama mtu anayekokota gogo kwa kamba.

Sisi ni waagronome, hatuna kazi ya garaji. Lakini mazutu ya kamionete inatoka mfukoni mumoja na mbolea na mbegu, kwa hiyo tumeketi na mafundi na mashofere, tukauliza, tukaandika, na hapa tunawaletea kile ambacho koperative inaweza kufanya yenyewe, na vifaa vidogo, bila kununua vitu vya ajabu. Mifano yetu ni ya Toyota Hilux ya zamani yenye moteri ya mazutu, kama zile za litre 2,8 zisizo na turbo, sababu njo tunazokutana nazo zaidi katika vijiji. Kwa kamionete nyingine mambo yanafanana.

Kupima njo mwanzo

Mnajua namna tunavyofanya katika shamba la majaribio. Tukitaka kujua kama mbolea imesaidia, tunaacha mistari michache bila mbolea pembeni ya ile yenye mbolea. Bila mistari ile ya ushahidi, kila mtu atasema analotaka: huyu atasema ni mbolea, yule atasema ni mvua. Kwa motokari ni vilevile. Mtu anaweka kitu kipya ndani ya moteri, wiki ile barabara ni kavu na mzigo ni mwepesi, anasema kitu kile kimepunguza mazutu. Amejidanganya bila kujua.

Kupima hakuombi mashine. Jazeni rezervoa mpaka mazutu ionekane kwenye shingo, kamionete ikisimama mahali palipo sawa. Andikeni kilometa zilizo kwenye dashibodi. Mfanye kazi zenu za kawaida, isipungue kilometa 300. Kisha rudini mahali palepale, jazeni tena mpaka shingo ileile, mwandike litre zilizoingia. Mfano: zimeingia litre 42, mmetembea kilometa 320. Gawanyeni 42 kwa 320, mzidishe kwa 100: mnapata litre 13,1 kwa kilometa 100. Hiyo njo namba yenu. Msichekeshwe na namba ya jirani, sababu njia zenu si zake. Shindaneni na namba yenu wenyewe.

Kipimo kimoja hakitoshi. Fanyeni mara tatu mbele ya kubadilisha kitu chochote, na mwandike pembeni: njia gani, mvua ao jua, mifuko mingapi. Kamionete inayopita kwenye matope ya mwezi wa kwanza haiwezi kulinganishwa na ileile kwenye njia kavu ya mwezi wa saba. Na mkianza kubadilisha, badilisheni kitu kimoja, mpime, kisha kingine. Mkibadilisha vitu vinne siku moja hamtajua kipi kimefanya kazi.

Wengi wanatuambia: "Konteri ya kilometa ilikufa zamani." Basi tumieni njia ambayo urefu wake unajulikana, ao simu yenye programu ya ramani, inaweza kuhesabu kilometa vizuri. Neno lingine ni bidoni. Wenye kununua kwa kadafi pembeni ya barabara wanajua kwamba bidoni ya litre 20 haina kila mara litre 20: chini inaweza kuwa imesukumwa ndani, ao mazutu imechanganywa na petroli ya taa. Koperative iwe na bidoni yake, iliyopimwa kwa chupa ya litre moja, na alama ya rangi pembeni kwa kila litre 5. Kazi ya saa moja. Mkikuta kwamba "litre 20" zenu zilikuwa 18, basi mmegundua sehemu moja ya ugonjwa mbele ya kufungua kapo.

Mazutu ya bidoni ilale usiku mzima mbele ya kuitia. Maji na uchafu vinashuka chini. Mimineni pole pole kwa kitambaa safi, na zile litre za mwisho msizitie ndani ya rezervoa. Maji yanaua pompi ya mazutu na mazinjekteri, na injekteri inayovuja inakula mazutu bila kutoa nguvu.

Mipira, freni na kalorosta

Tuanze na mipira, ile mnaita pneu, sababu haiombi franga hata moja. Mpira wenye upepo mdogo unajikunja kila unapozunguka, unapata moto, na moto ule unalipwa na mazutu. Kwenye Hilux kuna kibandiko karibu na mlango wa shofere kinachoonyesha upepo wa mbele na wa nyuma, kamionete tupu na kamionete yenye mzigo. Someni kile kibandiko, mkipeleke kwa kwado. Mipira ya nyuma inaomba upepo zaidi siku ya mzigo, na siku nyingi tunaona kinyume: imejazwa sawasawa yote minne, kwa jicho, kwa teke la mguu. Teke halipimi kitu. Kipima upepo cha mkono ni kati ya vyombo vichache tunavyoshauri koperative kununua. Pimeni asubuhi, mipira ikiwa baridi. Kupita kiwango pia si akili: kwenye njia ya mawe mpira mgumu unakatika, na breki inateleza.

Kisha mipira, angalieni kama magurudumu ya mbele yanaangalia mbele sawasawa, ile mafundi wanaita paralelisme. Pitisheni kiganja juu ya mpira wa mbele, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Kama upande mmoja unakwaruza kama msumeno na mwingine ni laini, magurudumu yanavutana. Mnaweza kupima wenyewe: weka alama ya chaki katikati ya mpira wa kushoto na wa kuume, kwa urefu wa ekseli, upande wa mbele. Pima umbali kati ya alama mbili. Sukuma motokari mpaka alama zije nyuma, kwa urefu uleule, upime tena. Tofauti iwe milimeta chache tu, kama kitabu cha motokari kinavyosema. Ikiwa ni sentimeta nzima, mipira yenu inasuguliwa kama sabuni, na mazutu inalipa kusuguliwa kule.

Freni tumeisema. Jaribio lake ni rahisi: tembea kilometa kumi bila kukanyaga freni sana, simama, umwage matone machache ya maji karibu na katikati ya kila gurudumu. Lile ambalo maji yanalia "shhh" na mengine hayalii, linashika. Msijaribu kwa mkono, ngozi itabaki pale. Mara nyingi sababu ni vumbi na kutu, ao kebo ya freni ya mkono isiyorudi. Fundi anafungua, anasafisha, anapaka grisi mahali panapofaa, imekwisha.

Wenye Hilux ya magurudumu manne, angalieni vichwa vya magurudumu ya mbele. Kwenye nyingi kuna kitufe cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa LOCK na FREE. Kiangazi kizima, kwenye njia kavu na kwenye gudroni, kiwe FREE. Tumekuta motokari zilizofungwa LOCK tangu mvua ya mwaka uliopita, na vyuma vyote vya mbele vinazungushwa bure.

Sasa kalorosta. Hapa tunataka kukaa kidogo, sababu njo mahali ambapo watu wetu wanajiumiza wenyewe bila kujua. Kalorosta ni kile kifuniko kidogo kinachozuia maji ya radiateri yasizunguke mpaka moteri ipate moto wa karibu digri 80. Moteri ikizidi moto, fundi wa haraka haraka anakitoa na kukitupa: "Huku kwetu ni Afrika, kuna joto, haina na kazi." Kisha pale moteri haipati tena moto wake. Mafuta yanabaki mazito, mazutu haiungui yote vizuri, sindano ya joto inabaki chini siku nzima, na kamionete inakunywa zaidi. Likasi iko karibu meta 1.300 juu ya bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mnajua baridi yake. Moteri isiyo na kalorosta wakati ule inateseka.

Kama moteri ilizidi moto, kulikuwa na sababu nyingine: radiateri imezibwa na mbegu za majani na matope, ukanda wa feni umelegea, maji yanavuja. Tafuteni ile sababu. Radiateri inaoshwa kwa maji kutoka upande wa moteri kwenda mbele, si kwa nguvu nyingi, ili majani yatoke pale yalipoingilia. Kalorosta ya kununua ijaribiwe mbele ya kuiweka: ining'inize kwa uzi ndani ya maji ya baridi juu ya moto, isiguse chini ya sufuria. Inapaswa kufunguka mbele ya maji kuchemka, na kujifunga tena ikipoa. Isiyofunguka, rudisha dukani. (Sufuria isiwe ile ya bukari. Wamama wametuomba tuandike hivyo.)

Filtre ya hewa: kwenye njia zetu za vumbi jekundu inajaa kwa wiki chache. Moteri ya mazutu isiyopata hewa inatoa moshi mweusi, na ule moshi mweusi ni mazutu mliyonunua, inatoka bila kufanya kazi. Filtre ya karatasi ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, pole pole. Isioshwe na esansi wala isipigwe ukutani, itapasuka, na vumbi itaingia kula moteri. Na asiwepo mtu wa kuitoa kabisa "ili ipumue".

Upepo na uzito

Tunaulizwa sana kama kufungua mlango wa nyuma wa kamionete, ao kuutoa kabisa, kunapunguza mazutu. Kwa jicho inaonekana hivyo: upepo unapita bila kugonga ule mlango. Lakini waliopima wamekuta kinyume. Mlango ukifungwa, ndani ya sanduku inajitengeneza kama mto wa hewa inayozunguka mahali pamoja, na upepo wa juu unateleza juu ya mto ule. Mkifungua mlango mnaubomoa. Basi funga mlango. Kinachoweza kusaidia kidogo ni bashi iliyovutwa kwa nguvu juu ya sanduku, safari ikiwa tupu ao mzigo ukiwa chini ya kingo. Bashi inayopigapiga na upepo kama bendera ni mubaya kuliko kukosa bashi.

Vyuma vya juu ya kabini, vile vya kubebea mizigo mirefu, vikae nyumbani siku zisizo na kazi. Vivyo hivyo mbao ndefu za pembeni zilizoongezwa ili kupakia makala: mkipeleka mahindi, mbao zile ni ukuta unaosukuma upepo bure. Fungeni kwa bulo, si kwa suduri, ili zitoke kwa dakika kumi.

Upepo unaanza kuwa adui mkubwa kadiri mnavyokimbia. Nguvu yake haiongezeki sawasawa na mwendo, inaongezeka kwa mwendo mara mwendo. Kutoka 80 kwenda 100 kwa saa, upepo unaosukuma kamionete unazidi kwa zaidi ya nusu. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120. Kwa 100 ungetumia saa moja na dakika 12, kwa 80 saa moja na nusu. Dakika 18. Na kwa kusema kweli, na makamio yale ya madini yanayotoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, nani anafika na 100 bila kusimama? Shofere anakimbia, anafika nyuma ya kamio, anakanyaga freni, anapita, anakimbia tena. Kila mara anapokanyaga freni anatupa mazutu aliyotumia kupata mwendo ule.

Uzito: fungueni sanduku na nyuma ya viti, mtoe kila kisichokuwa na kazi. Kuna kamionete tulipima na baskili ya koperative, vitu vilivyotoka vilipita kilo 60: minyororo, betri mufu, mawe ya kuzuia magurudumu, gurudumu la pili la akiba lililopasuka. Kriki, gurudumu moja zima la akiba na vyombo vibaki. Hatusemi mwende njiani bila akiba.

Mguu wa shofere

Mwendo wa pole, gia ya juu mapema bila kulazimisha moteri kutetemeka, kuangalia mbali ili kuacha kukanyaga mbele ya kufika kwenye shimo. Mashofere wazuri wanajua hayo, wanayafanya wakilipa mazutu wenyewe.

Jambo moja linahitaji kusahihishwa. Wengi wakifika kwenye mteremko wanaweka pwemo, wengine wanazima moteri kabisa, wakisema wanachunga mazutu. Kwenye moteri ya mazutu, ukiwa ndani ya gia na umeondoa mguu, pompi inafunga mazutu: magurudumu njo yanazungusha moteri. Ukiwa katika pwemo, moteri inapaswa kunywa ili isizimike. Kwa hiyo anayeweka pwemo kwenye mteremko anatumia zaidi, na freni zake zinapata moto. Na anayezima moteri anapoteza msaada wa freni, na usukani wenye msaada unakuwa mgumu kama jiwe. Na wamama wanakaa juu ya mifuko kule nyuma. Komite ikataze jambo hilo kabisa.

Moteri inayowaka mbele ya soko saa nzima wakati mifuko inashushwa, inaweza kumaliza nusu litre mpaka litre nzima. Izimwe. Kama sababu ya kuiacha ni kwamba haiwaki tena vizuri, tengenezeni betri na mademarere.

Vitu vinavyouzwa barabarani

Tumeonyeshwa sumaku ya kufunga kwenye bomba la mazutu, vidonge vya kutia ndani ya rezervoa, na chupa ya maji yenye nyaya inayotengeneza gesi ya kuingiza ndani ya moteri. Shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira (EPA) limepima vitu zaidi ya 100 vya namna hii tangu miaka ya 1970. Vichache vilileta faida ndogo sana, vingine havikuleta kitu, na hakuna kilichopunguza mazutu kwa kiasi wanachotangaza wauzaji.

Ile chupa ya maji inastahili hesabu, sababu vijana wetu wenye akili wanaipenda, na kazi yao ya mikono ni nzuri. Umeme wa kutenganisha maji unatoka kwa alterneta, alterneta inazungushwa na moteri, moteri inakunywa mazutu. Tuseme sehemu 100 za nguvu ya mazutu. Moteri inageuza karibu 33 kuwa kazi, nyingine inatoka kama moto. Alterneta inageuza zile 33 kuwa karibu 20 za umeme. Chupa inageuza 20 kuwa karibu 12 za gesi. Umetoa mifuko 100 ya mahindi ili upate 12, na kisha unairudisha moteri ileile iunguze na kupoteza tena theluthi mbili.

Kuchanganya mazutu na petroli ya taa sababu ya bei: petroli haina mafuta ya kutosha kulainisha pompi, na pompi ikiisha, bei yake inameza akiba ya mwaka. Mafuta ya ngazi mabichi yanaganda asubuhi ya baridi na kuziba filtre na injekteri. Na kuna waliouliza juu ya gesi ya makala, sababu walisikia wazee. Ni kweli, wakati wa vita ya pili ya dunia magari mengi ya Ulaya yalitembea na gesi ya kuni na makala kwa kukosa esansi. Lakini moteri ilipoteza nguvu nyingi, gesi ile ni sumu isiyo na harufu, na sisi tunaotembea kila siku kati ya vijiji tunaona miombo inavyorudi nyuma mwaka kwa mwaka juu ya makala ya kupikia. Tusiongezee na makala ya motokari.

Litre ngapi kwa mfuko mmoja

Sasa tunafika kwenye lile tulilotaka kusema tangu mwanzo. Mkifanya kila kitu tulichoandika juu, kamionete iliyokuwa mgonjwa inaweza kupona vizuri, ile iliyokuwa nzima itapunguza kidogo. Lakini koperative haiuzi kilometa. Inauza mifuko. Namba ya pili ya kuandika ndani ya kaye ni litre zilizogawanywa kwa mifuko iliyofika sokoni.

Tuchukue kijiji kilicho kilometa 60 kutoka Likasi, kwenda na kurudi ni 120. Mifuko 48 ya kilo 50 inapaswa kufika soko la Kikula. Kamionete ikipeleka mifuko 8 kila safari, ni safari 6. Kwa litre 13 kwa kilometa 100, kila safari ni litre 15,6, jumla 93,6. Fundi akiitengeneza vizuri na kupunguza sehemu moja juu ya kumi, mnachunga karibu litre 9. Sasa pakieni mifuko 16 kila safari. Kilo 800, Hilux nzima inazibeba, lakini someni kibati chake kwanza. Safari ni 3. Mzigo unaongeza matumizi kidogo, tuseme litre 16,8 kwa safari: jumla 50,4. Mmechunga litre 43, na hakuna bulo hata moja iliyofunguliwa.

Tunajua juu ya nini kamionete inatoka na mifuko 8. Mama fulani anahitaji minervali ya mtoto wiki hii, papa fulani ana mgonjwa, kila mtu anauza siku ya shida yake. Koperative yenye depo kavu na kisanduku kidogo cha mkopo inaweza kumpa mama yule sehemu ya feza mbele, mahindi yake yakingoja safari iliyojaa. Kisanduku kile kinaweza kuanza na mazutu iliyochungwa ya msimu mmoja. Lakini kujaza isiwe kupita kiwango: kupakia tani moja na nusu na watu juu yake kunapasua mipira na kukunja ekseli, na hesabu yote inaharibika kwa siku moja.

Na mahindi yenyewe yawe makavu, yametoshwa punje. Anayesafirisha mahindi pamoja na magunzi analipia kubeba kitu ambacho mnunuzi atatupa. Anayesafirisha punje zenye maji analipia maji: tani moja ya mahindi yenye maji 20 kwa mia, ikikaushwa mpaka 13, inabaki kilo 920. Kilo 80 zilikuwa maji. Kujua kama yamekauka, tieni chumvi kavu na punje ndani ya chupa kavu, mtikise dakika moja. Chumvi ikibaki imeshika kwenye ukuta wa chupa, bado kuna maji zaidi ya 15 kwa mia, rudisheni kwenye jua. Ikianguka yote chini, yanaweza kuwekwa mifukoni.

Kuna pia safari ya kurudi. Mwezi wa tisa na wa kumi, mbele ya mvua kuanza, kila koperative inatafuta namna ya kupandisha NPK na urea kutoka mjini, na wakati uleule kamionete zinarudi kijijini tupu kisha kushusha mahindi. Andikeni mapema, tangu mwezi wa nane, nani anahitaji mifuko mingapi ya mbolea, ili kila kamionete iliyoshusha mahindi Kikula irudi na kitu. Mazutu ileile imefanya kazi mara mbili.

Kwa kaye, mistari sita inatosha: tarehe, njia, kilometa, litre zilizoingia, mifuko ya kwenda, mifuko ya kurudi. Ikae ndani ya kamionete, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kompta anapiga hesabu mwisho wa mwezi, lakini siku ya mkutano mkubwa shofere njo aisome yeye mwenyewe, amesimama mbele ya memba.